Mkojo wa Rangi ya Kutu

Khaled alipopiga ukelele kutoka chooni asubuhi ile, mama yake aliacha uji motoni akakimbia, lakini aliyefika wa kwanza alikuwa Bibi Mwanasiti, shangazi ya mama huyo, na magoti yake mabovu yale. Ukelele wenyewe hakuusikia, maana masikio yake yalikwisha kufa zamani. Aliona tu watu wanakimbia, naye hajawahi kukubali kuachwa nyuma na jambo. Mtoto alikuwa amesimama kaptura mkononi, pua inamtiririka kwa mafua, macho yamemtoka. Akaonyesha kidole chini. Mkojo ulikuwa mwekundu wa kahawia, kama maji yaliyolala ndani ya debe bovu. Bibi Mwanasiti aliinama, akatazama vizuri, akajishika kiuno, kisha akapiga vigelegele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa la jirani.

“Chuma kimeingia!” akapaza sauti. “Jamani, mukuje! Chuma kimeingia mu mutoto!”

Asiyewajua watu wa ua ule atasema wamerukwa na akili. Hawakurukwa. Ukoo wao ni mafundi wa bati wa Buyenzi tangu mji wa Bujumbura haujajua lami. Walianza na masanduku ya safari, wakaja kwenye karai na majiko ya makaa, na leo wananyosha bodi za magari yaliyogongana. Kila ukoo wenye kazi una namna yake ya kumpata mrithi. Wao walisema kwamba fundi hachaguliwi na baba yake, wala hajichagui. Chuma chenyewe ndicho humchagua. Mvulana hupata homa au mafua, siku hiyohiyo mkojo wake unatoka na rangi ya kutu, na hiyo ndiyo alama kwamba chuma kimeingia mwilini na kinajisafisha. Hapo hupikwa pilau, husomwa dua, na mtoto hukabidhiwa nyundo ya mababu mbele ya watu.

Walikuwa pia na msemo wao, ambao wazee waliutamka kwa fahari kama watu wanaotaja shamba lao: chuma hakirithiwi na mwana kwa baba, hupitia tumbo la binti. Na kweli, alama haikupata kuonekana kwa mtoto wa kiume wa fundi. Ilionekana kwa mtoto wa dada yake, au mtoto wa binti yake. Aliyeipata, akikua, masikio humfifia. Nalo walilipenda. Fundi kiziwi ni fundi aliyefanya kazi, walisema, na siku za arusi ungewasikia wanavyosalimiana kwa kelele, ungedhani wanagombea mirathi. Kwamba mafundi hao hao walivimba nyuso na miguu, wakafa kabla ya mvi, hilo hakuna aliyelitia kwenye hesabu. Chuma ni kizito, walisema, humchosha anayekibeba.

Shakuru, mjomba wa Khaled, alivisikia vigelegele akiwa uvunguni mwa gari la mteja. Yeye alisikia kila kitu. Alikuwa mwana wa marehemu Mzee Atumani, fundi kiziwi kuliko viziwi wote wa mtaa, na amepiga nyundo tangu utoto, lakini masikio yake yalikuwa mazima kama ya paka. Kwa hilo walimtania bila huruma. Walimwita Sikio Zima. Walisema anapiga bati kwa kubembeleza, kama mtu anayemlaza mtoto. Hakuwahi kukojoa kutu hata siku moja, na kwa kuwa alama haimpati mwana wa fundi, hakuna aliyemlaumu. Lakini kutolaumiwa si sawa na kuheshimiwa. Nyundo ya mababu ilikuwa nyumbani kwake kama amana, anaitunza mpaka dada yake azae mwenye nayo. Na sasa mwenye nayo amepatikana. Ijumaa baada ya sala, Shakuru atasimama mbele ya watu na kumkabidhi.

Alikwenda kumpongeza mpwa wake. Akamkuta amejikunyata mkekani, na mbele yake kikombe cheupe cha plastiki ambacho Bibi Mwanasiti alikuwa amekitia mkojo ule ili majirani waone. Shakuru hakuwa amewahi kuiona alama kwa macho yake. Maisha yake yote alikuwa ameisikia tu, ameiota, ameionea wivu. Akakiinua kikombe kwenye mwanga wa mlango, akakizungusha.

“Mujomba,” Khaled aliuliza, “na we ilikuwa inatoka hivi?”

“Apana. Mi sikupewa.”

“Hii ni damu, ao sivyo?”

Shakuru alitaka kusema ni chuma. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyopaswa kusema. Lakini amejikata na bati mara nyingi kuliko watu wengi wanavyonyoa ndevu, anaijua damu inavyokuwa ikichanganyika na maji. Akakiweka kikombe chini taratibu, akamvutia mtoto shuka mabegani, akatoka.

Nje, dada yake Saliha alimvuta kando, nyuma ya tangi la maji. Mumewe Saliha ni dereva wa malori, wiki hiyo alikuwa ng'ambo ya mpaka, Uvira, na simu yake haipatikani.

“Kaka, mi naogopa,” alisema. “Baba alipewa nyundo. Mohamadi wa shangazi alipewa nyundo. Wako wapi?”

Mohamadi alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Bibi Mwanasiti. Alikufa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota, uso umevimba mpaka macho hayafunguki. Shakuru ndiye aliyelibeba jeneza kwa mbele. Alimtazama dada yake, akaona kwamba swali lile amekuwa nalo kifuani siku nyingi, labda tangu siku aliyomzaa Khaled akaambiwa ni mvulana.

“Tumupeleke Kamenge, hospitali,” Shakuru akasema. “Shangazi tumwambie tunaenda kununua viatu vya sherehe.”

Uongo ulikuwa mwepesi kuusema, maana kwa Bibi Mwanasiti ungeweza kusema lolote mradi ucheke. Alicheka nao, akawapungia mkono.

Kwenye hospitali kubwa ya Kamenge, upande wa watoto, walipokelewa na daktari mwanamke aliyeitwa Concilie. Alikuwa mtu wa mkoa wa Ngozi, Kiswahili chake kimejaa Kirundi na Kifaransa, na alikuwa na tabia ambayo mwanzoni ilimuudhi Shakuru: hakuwa na haraka. Shakuru alifikiri daktari huona damu akaandika dawa. Huyu aliona damu akaanza kuuliza maswali.

“Iko nyekundu kabisa, ao iko kama chai?”

“Kama chai,” Saliha alisema. “Chai ya rangi.”

“Inaanza mwanzoni mwa kukojoa, ao mwishoni, ao yote?”

“Yote,” Khaled mwenyewe alijibu, akiona haya.

“Inakuuma? Kuna mabonge ya damu?”

“Apana.”

Akauliza kama mtoto amekula betaravi, ile mizizi myekundu ya saladi, wakacheka, akasema msicheke, kuna mzazi alinililia hapa kumbe ni saladi. Akauliza kama amekunywa dawa yoyote, kama amepigwa mpira ubavuni, kama anaoga mtoni. Akauliza koo lilianza kuuma lini, na alisisitiza hapo kwa namna ambayo Shakuru aliona kuna jambo. Wengine, alieleza, huumwa koo, wanapona, kisha baada ya wiki moja au mbili ndipo mkojo unabadilika. Hao figo zao zimekasirika tu, na wengi wao hutulia. Lakini huyu mafua na damu vimekuja pamoja?

“Pamoja,” Saliha alisema. “Na mwaka jana vilevile, kidogo. Nilimuficha. Nilifikiri kama sikusema, haitakuwa.”

Shakuru aligeuka kumtazama dada yake. Saliha hakuinua uso.

Daktari alimpima mtoto tansiyo, presha ya damu, kwa mkanda mdogo, akambonyeza miguu na kope kuona kama amevimba, akampapasa mbavu na tumbo. Kisha akachukua kijikaratasi kirefu chenye vidoti vya rangi, akakichovya kwenye mkojo, akangoja. Kidoti kimoja, cha damu, kilichokuwa njano kikageuka kijani kizito. Kingine, cha protini, nacho kikaanza kugeuka kidogo. Daktari alikiweka kijikaratasi mezani. Aliondoka na kopo, akakaa huko, kisha akarudi akamwita Shakuru aje chumba cha pili.

“We ni fundi, naona mikono. Kuja uangalie kazi.”

Kulikuwa na hadubini mezani. Shakuru alifumba jicho moja, akaweka jingine pale alipoonyeshwa, na kwanza hakuona kitu ila mwanga. Kisha ukungu ukaondoka, na mbele yake pakawa na kitu kama uwanja mkubwa wa mchanga mweupe, na juu ya mchanga viduara visivyo na idadi. Alipumua kwa mdomo. Vichache vilikuwa vya mviringo safi. Vingi vilikuwa vimebonyea, vimekunjika, vingine vimetokwa vinundu vidogo pembeni.

“Hiyo ni damu,” daktari alisema. “Kila kiduara ni chembe moja. Kama damu inatoka huku chini, mu kibofu, zinakuja mviringo, nzima. Hizi unazionaje?”

“Zimegongwa.”

“Zimegongwa, ego, ndivyo. Zimepitishwa mahali pembamba kuliko zenyewe.”

“Mahali gani?”

Akamweleza. Ndani ya figo kuna machujio, maelfu kwa maelfu, na hata moja tu halionekani vizuri kwa jicho. Damu yote ya mwili hupita pale, hurudi, hupita tena, mchana na usiku, na ukuta wa kila chujio umefumwa kwa uzi mwembamba ambao hata hadubini hii haiuoni. Uzi ukiwa na kasoro, ukuta unakatikakatika, na chembe za damu zinajipenyeza upande usio wake. Zinatoka zikiwa hivyo.

Shakuru hakuondoa jicho. Maisha yake yote aliamini kwamba kazi nyembamba kuliko zote duniani ni kuziba tundu la tangi la petroli bila kulipua mtaa. Sasa alikuwa anatazama bati zilizobonyezwa ndani ya mtoto hata akiwa amelala, bila nyundo, bila kelele, katika karakana ambayo hakuna jicho lililopata kuingia. Alihisi udogo ambao hakuwahi kuuhisi hata msikitini, na machozi yakamlengalenga, naye hakuyaonea haya.

“Subhanallah,” alisema. “Subhanallah, dokteri. Na sisi tulikuwa tunapiga vigelegele.”

Ikabidi aeleze. Alieleza kwa aibu, akingoja achekwe. Daktari Concilie hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha mbao akamsikiliza mpaka mwisho, habari ya kutu, na pilau, na nyundo. Shakuru alipofika kwenye msemo wa tumbo la binti, daktari aliinua mkono kumsimamisha.

“Rudia hapo.”

“Chuma hakirithiwi na mwana kwa baba. Kinapitia mu tumbo la binti.”

“Na hawa wanaopewa nyundo, wanasikia?”

Shakuru alicheka. “Dokteri, sisi ni wapiga bati. Nani atasikia?”

“We unapiga bati toka lini?”

“Toka utoto.”

“Mbona unanisikia?”

Swali lile dogo, la mtu anayeongea polepole, lilimgonga Shakuru kuliko nyundo. Akakumbuka vijana wote wasio wa ukoo waliofanya kazi naye karakanani, wanaopiga nyundo kutwa nzima na bado wanasikia muziki wa jirani. Akamkumbuka Bibi Mwanasiti, kiziwi kama jiwe, ambaye ameuza vitenge maisha yake yote kule mtaa wa Asiatique na hajawahi kushika nyundo hata ya kupigilia msumari.

Daktari alirudi kwa mtoto. Alisimama nyuma yake, akasugua vidole viwili karibu na sikio lake, mlio mdogo kama wa panya kwenye karatasi. Khaled hakugeuka. Akasugua upande wa pili. Khaled aliendelea kutazama picha za ukutani. Shakuru, aliyekuwa mlangoni, alivisikia vidole vile kila mara.

“Mwalimu anasema ni mukaidi,” Saliha alinong'ona. “Anasema anajifanya hasikii.”

“Kelele za nyundo zinaharibu masikio, kweli,” daktari alisema. “Uweke pamba, Shakuru. Lakini mutoto wa miaka tisa hajapiga nyundo. Uzi ule wa mu chujio, Mungu ameutumia pia mu sikio, ndani kabisa. Ni uzi mumoja. Ukikatika huku, unakatika na kule.”

Sikio na figo, uzi mmoja. Shakuru alijishika sikio bila kujua, kama mtu anayehakikisha kofia bado ipo.

Kisha daktari akaomba jambo ambalo hawakulitegemea: Saliha na Shakuru nao walete mkojo wao. Saliha alishangaa. Wake ni mweupe, alisema, mweupe kama maji ya mfereji, hajawahi kuumwa hata siku moja. Aliuleta, na kweli ulikuwa mweupe. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kopo. Daktari akachovya kijikaratasi. Wote watatu waliinama kukitazama. Kidoti cha njano kikapata madoa ya kijani, moja, kisha mengine, kama nyasi baada ya mvua ya kwanza, mpaka kikajaa.

Alichovya cha Shakuru. Kilibaki njano. Wakangoja zaidi ya inavyohitajika, na kilibaki njano vilevile.

Tuseme ukweli: Shakuru alifurahi. Alifurahi kwa muda wa pumzi moja, kisha akamwona dada yake ameketi sakafuni, kanga mdomoni, na furaha ile ikamgeukia kuwa aibu kali. Laiti angeweza kukipaka rangi kidoti chake kama anavyopaka mlango wa gari, angekipaka.

“Kumbe mi ndiyo nimemupa,” Saliha alilia. “Nilimubeba, na mi ndiyo nimemupa.”

Daktari aliketi naye palepale sakafuni, na koti lake jeupe. “Dada, sikiliza. Baba yenu alikuwa na uzi ule mubovu. Baba wa namna hiyo anaupitisha kwa kila binti, na kwa mutoto wa kiume hapitishi. Hukuchagua. Hata mi macho haya mabaya nilipewa, sikuyanunua.” Akamgeukia Shakuru. “Mi hii habari niliisoma mu vitabu. Wazee wenu waliiona kwa macho yao, tena bila hadubini, wakaona hata njia inayopita. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Walikosea jina tu.”

Alimpiga mtoto picha ya figo kwa mashine ya eko, akamchukua damu, akasema kuna kipimo cha kuthibitisha kabisa ambacho itabidi sampuli isafiri nje ya nchi, lakini yeye hatakaa mikono mitupu akingoja. Majibu ya damu yalirudi, na hapo ndipo uso wake ulipolegea kwa mara ya kwanza. Figo za Khaled bado zinafanya kazi yake vizuri. Protini ndiyo kwanza imeanza kuvuja. Kuna vidonge vya kila siku, ndugu wa vile wanavyopewa wazee wa tansiyo, kwa kipimo cha mtoto. Havitamponya, uzi hausukwi upya. Lakini vinalipunguzia chujio mzigo, na mzigo ukipungua mapema, figo huongezewa miaka, mingi, na katika miaka hiyo elimu ya watu haitalala. Na atapata kifaa cha sikio, ajue kwamba shuleni si mkaidi.

“Baba angepewa hivyo vidonge...” Shakuru alianza.

“Baba yenu hakuna aliyemuona mapema,” daktari alisema. “Huyu mumemuona. Sasa niambie, mabinti wengine wa ukoo wako wapi?”

Ijumaa ilifika, na Shakuru hakuwa amepata ujasiri wa kusema. Masufuria ya pilau yalikuwa yamekwisha kutokota, mikeka imetandikwa, Bibi Mwanasiti amevaa dera jipya na anagawa amri kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Shakuru alimfuata, akamshika mkono, akamketisha kwenye kigoda jikoni. Hakuna namna ya kumwambia kiziwi siri. Aliinama kwenye sikio lake na kupiga kelele, na ua mzima ukanyamaza kusikiliza.

“Shangazi! Ile si chuma! Ni damu! Ni ugonjwa wa figo! Ndio ulioua Baba!”

Bibi Mwanasiti alimtazama mdomo. “Sema tena.”

Alisema tena. Alisema kuhusu uzi, na chujio, na masikio, kila neno kwa ukelele, mishipa ya shingo imemsimama, na majirani wanachungulia juu ya ukuta. Alisema kwamba hata yeye shangazi anao ugonjwa huo. Hakulitaja jina la Mohamadi. Alijua hangeweza kulipigia kelele jina lile.

Bibi kizee alibaki pale kigodani. Moshi wa kuni ulimpita usoni, wala hakuupepea. Watu walingoja kilio, na wanawake wawili walikwisha kusogea wamshike. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa vijana wa ua ule kumsikia akisema polepole.

“Mohamadi wangu aliniambia, Mama, mi naumwa. Nikamwambia, vumilia, ni uzito wa chuma.”

Shakuru alimshika mkono ule wenye mikunjo, akaubusu, akalia waziwazi kama mtoto, maana hakuna kitu kingine cha kufanya. Naye bibi aliuacha mkono ubusiwe kidogo, kisha akauvuta, akatafuta kandambili zake kwa miguu.

“Houda ana vijana wawili,” alisema. “Twende.”

“Shangazi, watu wamekuja, chakula...”

“Wacha wale. Wee endesha.”

Houda ni binti wa bibi, anakaa mtaa wa Kinama na mume mwalimu. Gari lililokuwa karibu ni la mteja, Toyota yenye mlango mmoja ambao haujapakwa rangi, na Shakuru hakuomba ruhusa ya mtu. Njia nzima Bibi Mwanasiti alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, akitazama mbele, midomo inatembea kwa dua.

Houda alikuwa uani anaanika nguo. Kumwona mama yake anashuka garini na dera la sherehe, pamoja na Shakuru mtunza nyundo, alidondosha shati matopeni na kusimama mbele ya mlango, mikono ameitandaza.

“Houda,” mama yake alisema, “vijana wako wamekojoa kutu?”

“Apana, Mama.” Alijibu upesi, kabla swali halijakwisha, na kutikisa kichwa ili aonekane. “Hata siku moja. Hawa watasoma. Niliapa kwa baba yao, hawa hawaendi karakana.”

“Mwanangu, sikuja kuwachukua,” bibi alisema. “Mi nilimuzika ndugu yako. Niambie ukweli tu.”

Houda alimtazama Shakuru. Shakuru akatikisa kichwa: hapana, hatukuja kwa nyundo. Watoto wenyewe walitokea nyuma ya nyumba wakikimbizana na mpira wa matambara, miguu mikavu isiyo na uvimbe, nyuso zao nyembamba, safi, wanacheka. Shakuru aliwatazama kama mtu anayetazama kitu kikubwa kinachopita karibu naye bila kumgusa. Mjomba wao Mohamadi, Mzee Atumani, na mafundi wa kabla yao, wote walipita duniani na ile karakana ya siri ndani yao, na hakuna aliyejua kuchungulia. Hawa walikuwa wamesimama juani, wazima, na bado ni mapema.

Mikono ya Houda ilishuka taratibu. Aliangalia chini, kwenye lile shati, akasema kwa mnong'ono ambao ulikuwa kama pumzi tu.

“Amesema nini?” Bibi Mwanasiti aliuliza. Alimgeukia Shakuru, akamshika mkono wa kanzu. “We unasikia. Amesema nini?”

Shakuru aliinama kwenye sikio la shangazi yake.

“Wote wawili,” alimwambia. “Amesema ni wote wawili.”

Bibi Mwanasiti alifumba macho, akayafumbua, na kwenda kuwaokotea watoto viatu vya safari ya Kamenge.